MVUA YA MWISHO NDIYO INAYOZIKA: ONDOENI JEMBE UKINGONI

Najua wengi mlitegemea leo niandike juu ya mbaazi au maandalizi ya kupogolea mikorosho. Hayo yatakuja. Leo nataka tugombane kidogo, na nataka tugombane sasa hivi, Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa sababu zikishakata kila mtu atasahau mpaka mwakani.

Jambo lenyewe ni hili. Tunalima na kujenga kwenye ukingo wa uwanda wetu wa Makonde. Tunaufyeka mpaka mchanga unang'aa. Tunauelekezea maji ya mabati yetu na ya barabara zetu. Halafu ukishuka na shamba, au na nyumba, tunakaa msibani tunasema ni kazi ya Mungu. Mimi nasema tusimsingizie Mungu. Hiyo ni kazi ya jembe, panga na mtaro. Mungu aliyeleta mvua ndiye huyo huyo aliyetupa macho ya kuona ufa.

Na ninaposema "tuna", nami nimo. Sehemu yangu nitaieleza huko mbele.

"Huku si Hanang"

Hii ndiyo sentensi ninayoisikia kila nikiligusa jambo hili kwenye mkutano. "Bwana shamba, huku si Hanang. Huku hakuna mlima."

Tukumbushane. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa. Miezi minne baadaye, Aprili 2024, kilima kiliporomoka Itezi, jijini Mbeya, kikafukia nyumba na shule. Novemba 2009, kule Mamba Miamba wilayani Same, udongo ulishuka kwenye makazi na kuua watu zaidi ya 20. Ukivuka mpaka kwenda Uganda, tarehe 1 Machi 2010, mteremko wa Mlima Elgon ulizika kijiji cha Nametsi huko Bududa, watu wakiwa kwenye shughuli zao za kila siku.

Sasa niambie, ndugu yangu: kati ya sehemu hizo, ni wapi watu walikuwa wakisema "sisi tunaishi mahali pa hatari"? Kote walikuwa wakiishi nyumbani kwao tu, kama wewe. Mamba Miamba ni mashamba na migomba. Itezi ni mtaa wa mjini.

Kweli, Hanang ni mlima wa zaidi ya mita 3,400 na sisi hatuna mlima wa namna hiyo. Lakini udongo hauhitaji mlima ili uporomoke. Unahitaji mteremko. Na mteremko tunao. Nenda Newala mjini, simama pale Shimo la Mungu ambapo vijana huenda kupiga picha, uangalie chini bonde la Ruvuma. Unaona jinsi uwanda ulivyokatika ghafla? Ukingo ule umefika hapo ulipo kwa kumeguka kidogo kidogo, zama kwa zama, na bado unaendelea. Tofauti ni kwamba zamani ulikuwa unamegukia vichaka, na leo unamegukia mikorosho na vyumba vya kulala.

Mteremko, mzigo na kichokozi

Wenzetu wa nchi za theluji wana maporomoko yao. Theluji ya miezi mingi inalala kwenye mteremko, halafu majira ya kuchipua jua linaiyeyusha, maji yanapenya katikati, tabaka la juu linateleza lote kwa pamoja. Huko Ulaya hawasubiri msiba. Wana ngazi tano za hatari zinazotangazwa kila siku msimu mzima, na mtu anayekwenda mlimani anasoma ngazi ya siku hiyo kabla hajavaa viatu. Wanafundishana kuangalia mambo matatu: mteremko una ukali gani, una mzigo kiasi gani, na nini kitauchokoza.

Kuna jambo moja walilogundua ambalo linanikosesha usingizi. Kati ya watu wanaofia kwenye maporomoko ya theluji wakiwa matembezini, karibu tisa katika kila kumi wamefukiwa na poromoko walilolianzisha wao wenyewe au wenzao waliokuwa nao. Mlima haukuwafuata. Walikanyaga mahali palipokuwa tayari kuanguka.

Hebu tuyachukue mambo hayo matatu tuyalete Kitangari.

Mteremko tumeshauona.

Mzigo ni maji. Udongo wetu ni mchanga mwekundu uliolala juu ya mwamba wa mchanga. Maji ya mvua hayakai juu, yanazama. Ndiyo maana uwandani hakuna mito, na ndiyo maana bibi zetu walishuka mabondeni alfajiri kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Maji yanaingia juu, yanatokea chini, miguuni mwa mteremko. Hata mradi wa maji wa Makonde unayapata Mitema, hapa hapa bonde la Kitangari, na kuyapandisha kwa pampu. Sasa fikiria: maji yote yanayozama juu yanapita ndani ya tumbo la mteremko kabla hayajatoka. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa takriban tani moja na nusu. Ukishiba maji inakaribia tani mbili. Kipande cha ukingo chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 10 na kina cha mita 2 kinaongezeka tani 60 na zaidi bila mtu kukigusa.

Na si uzito tu. Mtoto akicheza na mchanga anajua kwamba mchanga mkavu haujengeki, mchanga wenye unyevu unasimama vizuri kama ukuta, na mchanga uliojaa maji unatiririka kama uji. Ukingo wetu unasimama kwa sababu ya unyevu kidogo na mizizi. Ukishiba, hauna tena cha kuushika.

Hapo ndipo penye siri ya mwezi huu. Mvua za kwanza za Desemba zinakuta mchanga wenye kiu, zinanywewa. Za Januari na Februari zinajaza. Za Machi na Aprili zinakuta debe limejaa. Mvua ile ile ya milimita 50 ambayo Desemba ilikupa furaha, Aprili inaweza kukuzika. Watu wetu wanaogopa mvua za kwanza kwa sababu ya radi na upepo, halafu wanalegea mwishoni. Ni kinyume kabisa. Lakini usinielewe vibaya ukadhani Desemba ni salama: Hanang ilishuka mwanzoni mwa Desemba, katika mvua kubwa za El Nino. Mvua kubwa kupita kiasi haina mwezi. Ninachosema ni kwamba mwisho wa masika hata mvua ya kawaida inatosha.

Kichokozi, jambo la tatu, ni sisi.

Uongo wa kwanza: "Mikorosho inashika udongo"

Mkorosho ni mti mzuri na una mizizi mirefu. Simkatai. Lakini tunaupanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani miti kama 28 kwa ekari. Kati ya mti na mti kuna nini? Kwenye shamba safi, la mkulima anayesifiwa kijijini, hakuna kitu. Mchanga mtupu umefagiliwa kama uwanja wa nyumbani, kwa sababu tunataka korosho zikidondoka zionekane, na tunaogopa moto.

Na huo usafi nani aliwafundisha? Sisi mabwana shamba. Hii ndiyo sehemu yangu niliyoahidi. Kwa miaka mingi tumepita mashambani tukisema "fyeka, palilia, choma masalia", bila kuuliza shamba liko tambarare au liko ukingoni. Ushauri ule ule kwa wote. Kwenye tambarare ni ushauri mzuri. Kwenye mteremko mkali ni ushauri wa kuzika watu: shamba linaachwa uchi Oktoba na Novemba, na Desemba mvua inalikuta hivyo hivyo.

Nitawasimulia, ingawa sipendi kuisimulia. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, mzee mmoja alinipeleka shambani kwake kando ya genge. Nyuma ya mstari wa mwisho wa mikorosho palikuwa na ufa wa upana wa kidole, umejipinda kama mwezi mwandamo, ncha zake mbili zikielekea bondeni. Akaniuliza, "Mwanangu, huu nao ni ugonjwa?" Nikamwambia, "Hapana mzee, ni udongo umekauka tu wakati wa kiangazi. Fukia, na hapo juu chimba mtaro wa kukinga maji yazame." Nikaandika kwenye daftari langu, nikaondoka.

Mwishoni mwa Machi ule ufa uliondoka na mikorosho tisa na banda la mbuzi. Mjukuu wake alikuwa ametoka kuwafungulia mbuzi muda mfupi tu kabla. Nilipokwenda kumpa pole, nilimwamkia, akaitikia vizuri kabisa, kisha akasema, "Mwanangu, siku ile ulikuja na kalamu, hukuja na macho." Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Tazameni kosa langu. Ufa haukuwa wa ukame. Ufa wa ukame unajichora ovyo kama ganda la kobe. Ufa wa poromoko ni mmoja, mrefu, umejipinda, na upande wa chini umeshuka kidogo. Na ule mtaro niliomwambia achimbe, kwenye shamba la mteremko wa wastani ni tiba, lakini juu ya kipande kilichokwisha kupasuka ni sumu. Nilimwambia mzee wa watu akamwagie maji ndani ya jeraha.

Uongo wa pili: "Babu zetu waliishi hapa hapa"

Hawakuishi hapa hapa. Waliishi juu, mbali na ukingo, wakaviacha vichaka vya mteremkoni vishike genge. Walishuka kuchota maji wakapanda tena. Walilima kipande miaka michache, wakakiacha kirudi kuwa kichaka. Na nyumba zao zilikuwa za nyasi, ambazo hazimwagi maji kwa mkupuo kama bati.

Sisi tumeshuka ukingoni kwa sababu ya bei ya korosho, tuseme ukweli. Bei ikipanda, kila kipande cha ardhi kinageuka shamba, hata kile ambacho babu alikiona hakifai hata kwa kuchimbia choo. Silaumu mtu kutafuta ada ya shule ya watoto. Ninachokataa ni kumsingizia marehemu.

Uongo wa tatu: "Walitutisha bure"

Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilitangaza kwamba Kimbunga Kenneth kinaelekea kwetu. Mkoani Mtwara shule zilifungwa na watu waliambiwa wahame maeneo hatarishi. Kimbunga kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili. Huku kwetu watu wakacheka: wametutisha bure, tumepoteza siku ya kazi.

Bure? Ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zetu tunaosema nao lugha moja, makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Kimbunga kilipita jirani na mlango wetu. Mtu aliyekwepa gari barabarani hasemi dereva alimpigia honi bure. Na angalieni tarehe: mwisho wa Aprili. Hidaya nayo ilifika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024. Wakati ambao sisi tunasema masika yamekwisha, bahari inaweza kuleta mvua ya siku mbili yenye nguvu kuliko ya mwezi mzima, juu ya udongo ambao tayari umeshiba.

Tunalia kiu huku tunayaachia maji yatuzike

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Sisi ni watu wa uwanda usio na maji. Tunanunua maji kwa ndoo. Wanawake wetu wanaamka usiku. Na sisi hao hao tunayaacha maji ya mapaa yamwagike, yajichimbie korongo, yaende kumega ukingo.

Piga hesabu pamoja nami. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina paa la mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50 inateremsha lita 4,000 kutoka paa moja. Kitongoji cha nyumba 200 kinamwaga lita 800,000, sawa na tani 800, kwa mvua moja. Ongeza barabara iliyochongwa ikaelekezewa mtaro wake gengeni, kwa sababu mchongaji alitaka kumaliza kazi mapema. Halafu mnaniuliza korongo limetoka wapi!

Kila tenki, kila kisima cha kuvunia maji ya paa ni ndoo ulizookoa na ni mzigo uliouondoa ukingoni. Mwenye bati asiye na pipa hata moja chini ya paa, asiniambie mimi habari ya shida ya maji.

Cha kufanya wiki hii, mvua zikiwa bado zinanyesha

Kwanza, pima. Chukua fimbo iliyonyooka ya mita 2. Ncha moja iguse mteremko upande wa juu, fimbo yote ilale sawa. Ukitaka uhakika, laza juu yake chupa iliyojaa maji nusu uangalie yametulia sawasawa. Kisha pima kutoka ncha ya pili wima hadi ardhini. Ikiwa chini ya sentimita 40, unaweza kulima kwa makinga maji. Ikiwa kati ya sentimita 40 na mita moja, jembe lisiguse. Panda miti na nyasi tu. Ikizidi mita moja, hapo si shamba, uwe na hati au usiwe nayo.

Pili, pita ukingoni kila baada ya mvua kubwa, mchana, mkiwa wawili, uangalie dalili hizi:

- Ufa mrefu uliojipinda kama mwezi, hasa kama upande wa chini umeshuka.
- Miti au nguzo zilizokuwa wima sasa zimeinama.
- Mlango au dirisha lililokuwa likifunga vizuri sasa linakwama, au ukuta umepasuka upya.
- Chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, au chemchemi ya zamani iliyogeuka tope, au iliyokauka ghafla wakati mvua inanyesha.
- Kijito cha bondeni kinachopungua maji ghafla huku mvua ikiendelea. Maana yake kimezibwa huko juu, na kitazibuka.

Dalili moja tu inatosha kukuhamisha. Usisubiri zitimie tano.

Tatu, ukiona ufa, usiuchimbie mtaro na usiuache wazi. Utindue udongo wa juu, uujaze kwa udongo wa mfinyanzi na kuushindilia ili maji yasiingie, na maji yanayotoka juu yake yaelekezwe pembeni, mbali kabisa na kipande hicho. Hilo linapunguza kasi tu, halitibu. Watu na mifugo wahame kwanza.

Nne, fuatilia taarifa za TMA redioni au kwenye simu. Wana ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ikitangazwa tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wetu, na wewe uko ukingoni au chini ya genge, usilale hapo usiku huo. Nenda kwa shemeji, kwa mjomba, nenda msikitini au kanisani. Watu wengi hufukiwa usiku kwa sababu wamelala. Aibu ya kuomba malazi inaisha asubuhi.

Tano, ukisikia mngurumo au miti ikivunjika, usikimbie kushuka na bonde. Udongo unakwenda huko huko na una mbio kuliko wewe. Kimbia kwa ubavu, utoke kwenye njia yake, upande mahali palipoinuka. Usirudi kuchukua godoro wala simu. Baada ya poromoko la kwanza mara nyingi lipo la pili, kwa hiyo wakati wa kuokoa, mtu mmoja asichimbe. Kazi yake iwe kutazama juu na kupiga kelele. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Sita, vijana wa machimbo ya mchanga: acheni kuchimba miguuni mwa genge mpaka kiangazi. Mnakata miguu ya mtu aliyebeba mzigo, nanyi mmesimama chini yake. Na hata kiangazi, kata kwa ngazi kutoka juu, usichimbe pango.

Cha kufanya kiangazi

Kwenye mteremko, acheni kupalilia kwa jembe. Fyekeni kwa panga, mizizi ya nyasi ibaki ardhini. Masalia ya kupogolea msiyachome. Yalazeni mistari kukatisha mteremko. Pandeni vetiva, matete au mianzi kwenye mistari hiyo. Kando ya genge acheni ukanda wa kichaka usioguswa. Kipimo ninachotumia mimi ni hiki: upana wa ukanda usipungue kina cha genge, na penye mchanga mtupu uwe mara mbili. Genge la mita 10, kaa mita 20. Nyumba iwe mbali zaidi ya hapo.

Najua utaniambia: "Bwana shamba, una mshahara. Mimi mikorosho yangu 15 iko huko, nikiiacha unanipa nini?" Ni swali la haki, na wanaolikwepa hawafai kuwahubiria watu. Jibu langu ni kwamba mzigo huu usibebwe na mwenye shamba la ukingoni peke yake, kwa sababu korongo likianza kwake halisimami kwake. Linakula njia ya wote, kisha shule, kisha makaburi.

Kwa hiyo peleka hoja hii mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Sheria za ardhi za 1999 zinatambua kwamba kuna ardhi hatarishi, ikiwemo miteremko mikali, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Kijiji kina mamlaka ya kupanga ardhi yake. Kitenge ukanda wa ukingo, kiwape waliokuwa wakilima humo kipande kingine uwandani au miche ya kuanzia upya, na wasigawiwe watu viwanja vipya gengeni. Kwenye chama cha msingi tumezoea kukubaliana makato kwa kila kilo ya korosho kwa ajili ya madarasa na zahanati. Tukikubaliana na shilingi chache kwa ajili ya ukingo, tutanunua miche na matenki, na hatutakuwa tumeomba kwa mtu.

Na wewe mwenyekiti wa kijiji unayesoma hapa: mwaka huu ukigawa kiwanja gengeni, usije ukawa wa kwanza kubeba jeneza mwakani na kusema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi yako yalitangulia, na muhuri wako upo kwenye karatasi.

Machi haijaisha na Aprili yote iko mbele. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda popote, zunguka nyuma ya mstari wako wa mwisho wa mikorosho uangalie chini. Ukiuona ufa umejipinda kama mwezi, usinisubiri mimi na daftari langu. Hamisha watu kwanza, halafu niite. Safari hii nitakuja na macho.

Afisa ugani wenu,
Kitangari, Newala